Kutoka Nakuru hadi Kisumu na watoto wadogo, na kurudi bila deni

Kinachomaliza pesa za safari ya familia si kiingilio cha wanyama wala boti ya ziwani. Ni njaa ya saa saba mchana mkiwa mbali na chumba, tuktuk isiyopangwa kwa sababu mtoto amegoma kutembea, na soda nne za kumnyamazisha mmoja anayelia. Mpango huu ni wa siku tatu, mkilala Kisumu mara mbili, kwa wazazi wawili na watoto watatu wa miaka saba, minne na mmoja. Umesimama juu ya sheria moja: siku moja, upande mmoja wa mji, na saa saba mchana iwakute chumbani. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130 hivi. Mtoto aliyezoea sweta hulichoka jua la ziwani upesi kuliko mzazi anavyotarajia.

Hesabu kabla ya kumwambia mtoto

Anza na viti, si na watu. Mtoto wa kupakata halipiwi. Kuanzia miaka mitatu au minne makondakta wengi hudai kiti, hasa gari likiwa limejaa. Kubana watoto wawili kwenye kiti kimoja kunaonekana ni akiba, ila safari ni ya saa nne hivi na ina kona nyingi, na tangu sheria za matatu za 2004, zile za waziri Michuki, kila abiria anatakiwa awe na mkanda wake. Kwa familia hii, basi, ni viti vinne.

Bei zifuatazo ni za mfano. Piga simu steji na gesti upate za wiki yenu, kisha ujaze upya. Nauli tuseme ni shilingi 800: viti vinne ni 3,200 kwenda, 6,400 kwenda na kurudi. Chumba cha 2,500 mara mbili ni 5,000. Chakula 1,500 kwa siku, siku tatu, ni 4,500. Tuktuk 600 kwa siku ni 1,800. Viingilio na boti, tenga 3,000. Jumla ni 20,700. Ongeza 3,000 za dharura ufike 23,700. Ukianza kuweka mapema wiki ishirini kabla, ni 1,185 kwa wiki, na hapo ndipo utajua kama safari ni ya mwaka huu au ya mwaka ujao.

Nauli ya kurudi, ile 3,200, itoe kwenye hesabu ya matumizi siku hiyo hiyo unapoondoka. Iweke kwenye simu ya mzazi wa pili, au mahali ambapo haigusiki. Familia nyingi hukwama Jumapili jioni kwa sababu hiyo tu, na Jumapili jioni ndiyo nauli hupanda.

Likizo za shule huangukia Aprili, Agosti na Novemba hadi Desemba. Aprili ni mvua ya masika. Desemba, karibu na Krismasi, kila mtu anaelekea nyumbani magharibi na magari yanajipangia bei. Agosti ndiyo nafuu, tena katikati ya wiki, Jumanne hadi Alhamisi. Kama watoto wote hawajaanza shule, msisubiri likizo kabisa. Na kabla ya kulipa chumba, uliza kama kuna kongamano kubwa mjini wiki hiyo, maana wajumbe wakishuka Kisumu hata gesti za vichochoroni hujaa.

Barabarani

Ondokeni saa moja asubuhi, si alfajiri. Ukungu wa Mau Summit na Londiani hukaa mpaka jua lichomoze vizuri, na malori ni mengi. Gari hupanda hadi kwenye baridi kali, hupita mashamba ya chai ya Kericho, kisha huteremka hadi Awasi na Ahero katika uwanda wa Kano ambako joto hukupokea dirishani. Mvalishe mtoto fulana ndani na sweta juu. Akivaa nguo moja nzito, atafika amelowa jasho.

Mteremko baada ya Kericho huziba masikio. Anayenyonya anyonyeshwe wakati huo, mkubwa apewe kitu cha kutafuna au maji ya kunywa kidogo kidogo. Kitoto kinacholia ghafla karibu na Awasi bila sababu, mara nyingi ni masikio.

Kutapika ndilo tatizo kubwa la njia hii. Keti safu ya kwanza nyuma ya dereva, si kiti cha nyuma kabisa kinachorushwa na kila tuta. Asubuhi mpe uji mwepesi au mkate mkavu saa nzima kabla ya safari, usimpe maziwa wala embe. Simu na katuni zikae mkobani mpaka kona ziishe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na ile ya kitambaa chepesi inayouzwa sasa huvuja, kwa hiyo beba mkebe mtupu wa siagi wenye kifuniko kinachobana. Ongeza taulo ndogo iliyolowa, na nguo moja ya kila mtoto mahali pa kufikiwa bila kufungua begi kubwa. Begi kubwa litakuwa chini ya mizigo ya watu wengine.

Kericho ni katikati ya safari kwa vyovyote, na gari likisimama pale kila mtoto aende msalani, anayetaka na asiyetaka. Mwambie dereva mapema, mkiwa bado steji, kwamba una watoto. Ombi la kusimama likitolewa mkiwa tayari kwenye kona, dereva hulikataa.

Chumba

Usitafute chumba kizuri. Tafuta chumba chenye jiko, hata la koili moja, na friji ndogo. Staftahi ya mayai, mkate na chai ya chumbani huokoa zaidi ya tofauti ya bei kati ya gesti mbili. Mtaa wa Milimani una utulivu na si mbali na ziwa. Gesti za makanisa mara nyingi ni safi, za bei ya wastani, na usiku hazina muziki wa baa.

Unapopiga simu uliza haya, na ungoje jibu la kila moja: Kitanda kina upana gani, futi tano au sita? Godoro la ziada ni bure au linalipiwa? Kuna chandarua, na kinafunika kitanda kizima? Kuna feni? Maji hutoka saa zote au kwa zamu? Mtoto wa miaka saba anahesabiwa kama mtu mzima? Kisha omba picha ya chandarua. Mwenye chumba atacheka, lakini ataituma.

Amana ilipwe kwa till au paybill ya M-Pesa yenye jina la gesti, si kwa namba ya mtu binafsi aliyeweka picha nzuri mtandaoni. Soma jina linalotokea kabla ya kubonyeza namba ya siri. Usilipe zaidi ya usiku mmoja kabla ya kuuona mlango.

Mbu na maji ya ziwa

Hapa ndipo watu wa Nakuru hukosea. Kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima, na mtoto aliyekulia Nakuru hana kinga ambayo mwili wa mwenyeji umejijengea. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa 2019 katika kaunti za magharibi, kwa hiyo msidhani kitabu cha kliniki cha mtoto wenu kinayo. Nendeni kliniki wiki mbili kabla muulize kama watoto wapewe dawa ya kuzuia. Dozi hutegemea uzito, si umri, kwa hiyo msijinunulie dukani.

Bebeni chandarua chenu hata kama gesti inacho, pamoja na kamba ya mita nne au tano ya kukifungia kwenye fimbo ya pazia. Kichomekeni chini ya godoro pande zote kabla jua halijazama. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo mikono mirefu na soksi saa kumi na mbili jioni, joto msilijali. Mafuta ya kufukuza mbu msimpake mtoto viganjani, ataishia kuyalamba.

Ziwani hakuna kuoga, wala kutia miguu. Maji ya kina kifupi yenye majani yana konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache bila mtoto kuhisi lolote. Watoto wa pale mtawaona wakiogelea na wenu watalia kwa wivu. Waahidini beseni la maji uani kwenye gesti, na mtimize.

Maji ya kunywa: nunueni dumu la lita kumi supamaketi siku ya kwanza, mjaze chupa zenu. Familia hii itakunywa lita nane hivi kwa siku. Chupa za nusu lita zikinunuliwa moja moja hugharimu mara kadhaa ya hapo.

Siku zenyewe

Siku ya kwanza mtafika mchana. Kuleni, laleni. Saa tisa nendeni Makumbusho ya Kisumu, yaliyo kando ya barabara kuu inayoelekea Nairobi na yaliyofunguliwa 1980. Kuna nyoka, mamba, kobe na samaki wa ziwani, na vyote hutazamwa kwa saa moja na nusu bila mguu mdogo kulalamika. Msikose Ber-gi-dala, boma la Kiluo la ukubwa kamili: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, halafu ya nyachira, wa pili, halafu ya reru, wa tatu. Mtoto wa miaka saba apewe kazi ya kuhesabu milango na kueleza nani analala wapi. Hilo litamtuliza kuliko vibao vya maelezo.

Siku ya pili ndiyo kubwa. Saa mbili asubuhi muwe lango la Kisumu Impala Sanctuary, ya Shirika la Wanyamapori, kando ya ziwa kilomita tatu hivi kutoka mjini. Ni eneo dogo, chini ya nusu kilomita mraba, lenye miti mikubwa ya kivuli, na hiyo ndiyo sifa yake kwa watoto: swala wanatembea huru, na simba na chui wanaonekana bila kukodi gari. Malipo ni ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si taslimu. Fungueni akaunti mkiwa Nakuru, lipieni kwa M-Pesa, na bebeni vitambulisho ili mlipe bei ya raia. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi kwenye hifadhi tangu Juni 2020, kwa hiyo ni chupa za kujaziwa. Ndizi zikae ndani ya begi lililofungwa zipu. Tumbili hawaombi.

Saa nne, tuktuk mpaka Dunga, ufuo wa wavuvi, ambako si mbali. Tuktuk huchukua watu watatu nyuma, na familia hii hutosha kwa kupakatana. Patana bei kabla ya kupanda na sema “yote, sisi wote,” la sivyo itageuka kuwa bei ya kila kichwa. Bodaboda na watoto watatu, hapana.

Dunga, agizeni samaki kwanza. Hukaangwa mkishaagiza na huchukua dakika arobaini, na hizo ndizo dakika za boti. Kwa watoto chukueni mbuta (sangara), kipande kinene cha mgongoni: mifupa yake ni mikubwa na inaonekana. Ngege (tilapia) ni mtamu zaidi lakini mifupa yake ni ya kuchambua kwa vidole, kazi ya mzazi mwenye subira. Chagueni samaki kwa macho na mkubaliane bei yake pamoja na ugali na mboga kabla hajaingia kwenye mafuta.

Kuhusu boti, uliza kama bei ni ya boti nzima au ya kichwa. Kama ni ya boti nzima, tafuteni familia nyingine mgawane. Maboya yawe ya watoto kwelikweli: mvalishe, funga, kisha mwinue kidogo kwa kushika mabegani pa boya. Likipanda mpaka masikioni, si lake, na msiende. Wa mwaka mmoja abaki nchi kavu na mzazi mmoja. Upepo wa ziwani huanza kuvuma mchana na mvua za radi hupenda alasiri, ndiyo sababu boti ni ya asubuhi. Jana yake, ulizeni kuhusu gugumaji. Upepo ukilisukuma ufuoni, boti hazitoki.

Saa sita muwe chumbani. Alasiri ni ya beseni mliloahidi.

Wenye siku ya nne wachague kimoja tu. Maseno, kwenye barabara ya Busia, ikweta inapita, na kusimama mguu mmoja kaskazini mwingine kusini ni bure. Kit Mikayi, kilomita 29 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Bondo, ni mawe makubwa yenye jina la yule yule mke wa kwanza wa makumbushoni. Viatu vya kufunga, na mtoto wa kubebwa afungwe mgongoni. Barabara hizi mbili huachana Kisian, na kujaribu zote kwa matatu siku moja ni kulipa nauli za kukaa steji.

Siku ya kurudi, muwe steji saa tatu asubuhi. Mkifika Nakuru, andikeni tarehe kwenye kalenda. Malaria huchukua angalau siku saba baada ya kuumwa kabla ya kujitokeza, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mtoto akipata homa ndani ya wiki hizo zote, mpelekeni siku hiyo hiyo apimwe damu, na neno la kwanza kwa daktari liwe: tulikuwa Kisumu.