Umemripoti msimamizi, sasa unaadhibiwa: jinsi ya kufungua malalamiko ya kulipiziwa kisasi

Uliripoti unyanyasaji wa kingono. Wiki mbili baadaye zamu zimepungua na barua ya onyo iko mezani. Hilo ni kosa la pili, tena linajitegemea: mara nyingi laweza kusimama hata la kwanza likikosa ushahidi, mradi uliripoti kwa nia njema. Usilichomeke ndani ya malalamiko ya zamani. Lifungulie jalada lake.

Kwanza hesabu siku. Tanzania Bara, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea mgogoro wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Marekani, EEOC, tume inayosimamia sheria za kupinga ubaguzi kazini, hutoa siku 180, zinazofika 300 penye chombo cha jimbo chenye sheria kama hiyo. Ofisi ikikwambia "subiri, tunalishughulikia", usidhani siku zimesimama. Wengi hupotelea hapo.

Kisha andika matukio kwa tarehe: siku uliyoripoti, nani alipokea, lini msimamizi alijua, na kila kilichobadilika baada ya hapo. Hilo la msimamizi kujua husahaulika sana, na ndilo linalobeba kesi, maana asiyejua kuwa umemsema hawezi kuwa anakulipizia. Iwe hivi:

"Machi 4, saa 3 asubuhi, nilimkabidhi afisa rasilimali watu barua yangu. Machi 6 msimamizi aliniuliza mbele ya mwenzangu, 'Umeenda kunisema?' Machi 11 nilitolewa zamu ya asubuhi."

"Ananichukia" usiandike, hata kama ni kweli.

Ambatanisha tathmini zako za kazi za kabla ya kuripoti. Uliyesifiwa Januari ukipewa onyo Machi, mwajiri ana la kueleza. Nakala zitunze nje ya kompyuta ya ofisi, ila nyaraka za siri za wateja usiziguse. Utampa sababu halali ya kukufukuza.

Barua ya malalamiko mwandikie aliye juu ya msimamizi huyo. Taja unachotaka kirudishwe na omba jibu la maandishi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, au tuma kwa barua pepe.

Kwenye fomu ya chombo cha nje ya ofisi, kama tume hizo, penye aina ya malalamiko, chagua kulipiziwa kisasi, si unyanyasaji peke yake. Kama hakuna kisanduku hicho, kiseme kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo.

Usijiuzulu kwa hasira kabla ya kuongea na chama cha wafanyakazi au wakili.

Na yule mwenzako aliyesikia? Huenda anaogopa. Mwonyeshe ibara ya 10 ya Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019: nchi zilizouridhia zinatakiwa kuwalinda mashahidi pia dhidi ya kisasi. Kisha muulize kama jina lake unaweza kuliandika.