Banda la nje la sungura wa kuzalisha: kwanza jua mkojo utaelekea wapi

Sungura wa kilo nne hana nguvu ya kubomoa banda. Kinacholibomoa ni mkojo wake. Unaozesha mbao, unatoboa mabati, unaacha ukoko mweupe kwenye wavu kama ule wa ndani ya birika, na hewa yake kali inawachoma pua sungura waliolala juu yake wakati wewe uliyesimama hujasikia kitu. Fundi anayejenga huku akijiuliza mkojo utapita wapi huwa amekwisha kutatua nusu ya magonjwa.

Vipimo vilivyo hapa ni vya safu moja ya majike watatu wa New Zealand White au California, yaani sungura wa kilo 3.5 hadi 5. Kwa Flemish Giant, ambao ni wakubwa zaidi, ongeza urefu wa kizimba hadi sentimita 120 na kina hadi 75.

Paa lina nguzo zake, vizimba vina miguu yake

Kosa la kwanza ni kupigilia vizimba kwenye nguzo za paa. Mkojo unachuruzika kwenye nguzo, mchwa wanapanda, na baada ya misimu michache ya mvua ukibadilisha nguzo moja inabidi ubomoe kila kitu. Tenganisha.

Kwa paa chimbia nguzo sita, tatu mbele na tatu nyuma, kila moja ikiingia ardhini sentimita 60. Juu ya ardhi za mbele zibaki mita 2.4, za nyuma mita 2, ili maji ya mvua yaanguke nyuma, mbali na unaposimama kuhudumia. Mabati 6 ya mita 2.5 yanatosha kufunika safu ya mita 2.7 na kuacha upenu wa kutosha pande zote. Upenu wa mbele usipungue sentimita 60, la sivyo mvua ya upepo itaingia hadi kwenye sanduku la watoto. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la jioni lipige ncha tu.

Mabati matupu ni tanuri. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, tandika makuti au nyasi juu yake, au funga mkeka chini yake ukiacha nafasi ya kiganja ili hewa ipite, na usizibe upande wowote isipokuwa ule mvua inakotokea. Kwa Njombe, Lushoto au Limuru mambo ni kinyume: ziba upande wa nyuma kwa mbao hadi juu, na pazia la gunia lishushwe usiku upande wa upepo. Sungura huvumilia baridi kavu kuliko tunavyodhani. Asichovumilia ni kulowana, upepo unaompiga moja kwa moja, na joto. Likizidi nyuzi 30 kwa siku kadhaa, dume hupoteza uwezo wa kutungisha mimba, na huchukua wiki kama nane kurudi sawa hata hali ya hewa ikipoa. Majike wakipandishwa mwezi wa Februari pwani wasishike, usikimbilie kumchinja dume. Angalia kwanza amekaa upande gani wa banda.

Vizimba

Kila jike apewe urefu wa sentimita 90, kina 60 na kimo 50. Dume anatosheka na 75 kwa 60, lakini mjengee kando, na siku ya kupandisha jike ndiye anayepelekwa kwake. Ukimwingiza dume kwa jike, atapigwa kwa kuvamia nyumba ya mwenyewe.

Kina kisizidi 60 (75 kwa Flemish Giant) kwa sababu ndogo tu: urefu wa mkono wako. Kizimba cha kina cha mita moja kina pembe usiyoifikia, na mtoto aliyekufa huko utamjua kwa harufu. Sakafu ya kizimba ikae sentimita 85 hivi kutoka ardhini, usawa wa kiuno.

Sasa sakafu, na hapa usibane fedha. Tafuta wavu wa kuchomelewa wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, waya wa unene wa geji 14, au 16 iliyo nyembamba zaidi kwa sungura wadogo. Wavu wa kuku wa matundu ya pembe sita haufai hata kidogo: waya wake ni mwembamba, unakata nyayo, na ukianza kulegea kucha zinanasa na kung'oka. Wavu wa matundu mraba ya inchi moja nao haufai, kwa kuwa miguu ya vitoto inapita. Kwenye maeneo ya kahawa watu hutumia wavu wa kuanikia kahawa. Unafaa kwa kukuzia vitoto lakini kinyesi cha jike mkubwa kinakwama, utakuwa mtumwa wa brashi.

Roli la upana wa sentimita 90 linakata vizuri: kila sentimita 60 ni sakafu moja, hakuna kipande kinachopotea. Ukiweka, angalia upande. Nyaya zilizosogeleana, zile za nusu inchi, ziwe juu ambako mguu unakanyaga. Kata vizuri ncha zote kisha zipige tupa. Katikati, chini ya wavu, pitisha nondo moja ya milimita 8 izuie kubonyea, maana wavu uliobonyea hukusanya mkojo na watoto mahali pamoja.

Usipigilie sakafu moja kwa moja kwenye mbao. Kila sakafu iwe na fremu yake inayochomoka, na fremu ilale juu ya mbao mbili zilizochongwa sehemu ya juu kama paa la nyumba, ili kinyesi kisipate pa kutulia. Wavu wa kuta upigiliwe upande wa ndani, mbao zibaki nje: sungura hutafuna kila mbao anayoifikia. Kwa kuta unaweza kutumia wavu wa inchi moja kwa mbili ambao ni nafuu, mradi sentimita 10 za chini uzirudufu kwa ule wa nusu inchi. Mtoto wa siku chache aliyeng'ang'ania chuchu hutolewa nje ya sanduku na mama akiruka, na matundu makubwa yanamwangusha chini.

Mlango uwe sentimita 40 kwa 40. Pima sanduku la kuzalia kabla ya kumwambia fundi akate. Masanduku yasiyopita mlangoni ni mengi kuliko unavyofikiri. Mlango uzidi fremu sentimita 2 kila upande na uwe na komeo la chuma, si kamba. Paka na mbwa hujifunza kufungua kamba, na nguchiro hahitaji hata kujifunza.

Ndani weka kibao cha kupumzikia, sentimita 25 kwa 40, bila rangi wala dawa ya mbao. Jike mzito anayekaa juu ya waya mchana kutwa huota vidonda vya nyayo, na mwenye vidonda hakubali dume. Vibao viwe viwili kwa kila kizimba: kimoja ndani, kimoja juani.

Miguu ya vizimba isimame ndani ya mikebe iliyowekwa juu ya tofali, yenye maji na oili chafu ya gari juu yake. Hii ni kwa ajili ya siafu. Wakipanda usiku mmoja wa mvua hawabakizi kitoto hata kimoja. Kinachowashinda wafugaji wengi ni daraja: jani lililoanguka kwenye mkebe, utando wa buibui, jembe lililoegemezwa, nyasi ndefu zinazogusa sakafu. Oili ipo, na siafu wamepita.

Chini ya sakafu

Acha sentimita 35 kati ya wavu na kinga. Kinga ni plastiki nzito ya aina ya kutandikia mabwawa, ikivutwa juu ya fito au mbao na kuinamishwa kuelekea nyuma, tofauti ya sentimita 20 kwa kina cha 60. Mabati hapa hayadumu. Mwisho wa mwinamo weka mfereji wa plastiki unaomwaga kwenye dumu la lita 20 kupitia chujio. Mkojo huo ni mbolea nzuri ukiuchanganya na maji mara kumi au zaidi. Mtupu unaunguza majani.

Ghorofa mbili zinavutia kwa kuokoa nafasi. Kwa sungura wa nyama sawa. Kwa majike wenye watoto, hewa kali ya wa chini na mvujo wa wa juu haviishi.

Harufu ikianza, watu humwaga chokaa au majivu chini ya vizimba. Vyote viwili vinafukuza amonia, ile hewa kali, kutoka kwenye mkojo mbichi na kuipandisha juu, yaani unawapelekea sungura kile ulichotaka kukiondoa. Tumia maranda au makapi makavu, kisha uyaondoe. Majivu yatumie nje, kuzungushia banda duara la kuzuia siafu.

Sanduku la kuzalia

Urefu 45, upana 30, kimo 30, na upande wa mbele ukatwe hadi sentimita 15. Chini toboa matundu kumi ya milimita 6. Tandika maranda makubwa sentimita 5, kisha jaza nyasi kavu zisizo na ukungu.

Mimba ni siku 31, mara nyingine moja au mbili mbele au nyuma. Ingiza sanduku siku ya 28. Ukiwahi sana jike analigeuza choo, na watoto watazaliwa kwenye unyevu. Ukichelewa atazalia juu ya waya, na watoto walio uchi hupoa na kufa. Siku ya kuzaa ondoa waliokufa na kondo la nyuma, funika wazima kwa manyoya ya mama, kisha waache. Mama hunyonyesha mara moja kwa siku, dakika chache tu, kwa hiyo kumkuta nje ya sanduku si dalili kwamba amewatelekeza. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na 12. Siku ya 18 hivi toa sanduku. Likibaki linageuka jalala.

Jike mwenye watoto wa wiki nne hunywa pamoja nao zaidi ya lita moja kwa siku. Weka chuchu mbili za maji (vidomo vinavyotoa maji sungura akivisukuma kwa ulimi), moja sentimita 22 kutoka sakafuni na nyingine 15 kwa ajili ya watoto, na chombo kikae kivulini kisiote ukungu wa kijani.

Utunzaji

Kila siku: kwangua kinga, bonyeza kila chuchu ya maji kwa kidole, sugua pembe ambayo jike ameifanya choo. Karibu kila jike huchagua pembe moja.

Mara moja kwa wiki chungulia masikio. Magamba ya kahawia ndani yake ni ukurutu, na unahamia jirani haraka. Mwite mtaalamu wa mifugo akupimie dawa ya ivermectin kwa uzito wa sungura. Dawa za viroboto vya mbwa zenye fipronil zinaua sungura, usizijaribu.

Kila uzao ukitoka, chomoa fremu ya sakafu upeleke nje. Kwangua, osha kwa sabuni, kisha pitisha moto wa gesi haraka juu ya wavu: unaunguza manyoya yaliyonasa na kuua mayai ya koksidia (vimelea vya tumboni), ambayo dawa za kawaida za kusafishia haziyawezi. Kama huna gesi, maji yanayochemka na siku mbili za jua kali. Ukoko mweupe unalainika kwa siki ukiupaka jioni na kuusugua asubuhi. Sanduku nalo lianikwe wazi juani hadi mimba inayofuata.

Ukiona kutu imeanza pale nyaya zinapokutana, usipake rangi, wataitafuna. Katia wavu mpya kwenye fremu ile ile. Ndiyo sababu ilijengwa ichomoke.