Oda ya kila mwezi ya stripu za sukari: kutoka duka la dawa mjini hadi nyumbani mkoani

Mwongozo huu ni wa mgonjwa wa kisukari anayeishi mbali na maduka makubwa ya dawa, au ndugu anayemhudumia. Tuseme mgonjwa yuko Sumbawanga, na stripu, vile vibao vyembamba vya kupimia sukari ya damu vinavyochomekwa kwenye mashine, zinapatikana kwa uhakika Dar es Salaam. Unachopanga ni oda ya kudumu na duka moja: mzigo unatoka kila unapotuma ujumbe wa oda na unafika kabla kopo la mwisho halijafunguliwa. Wengi huhangaikia bei, wakasahau joto la safarini na tarehe za kwenye kopo. Hayo mawili ndiyo humpa mgonjwa namba ya uongo, naye akaichomea insulini.

Hatua ya 1: Chagua stripu kwanza, mashine baadaye

Mashine hununuliwa mara moja, stripu hununuliwa maisha yote. Pita maduka matatu, uliza ni stripu zipi hawakosi, ndipo ununue mashine yake. Mashine ya zawadi kutoka ng'ambo ina mtego. ReliOn, kwa mfano, ni chapa ya Walmart ya Marekani, na stripu zake hutazipata huku. Mashine za huko pia husoma kwa mg/dL, ilhali kliniki zetu huandika mmol/L. Ukilazimika kuitumia, gawa namba kwa 18: 180 ni 10.0.

Andika jina zima la stripu, neno la mwisho likiwemo. Stripu za Accu-Chek Active haziingiliani na za Accu-Chek Instant, za Contour TS si za Contour Plus, za On Call Plus si za On Call Extra. Muuzaji akiambiwa "Accu-Chek" tu atakupa iliyo karibu na mkono wake, na boksi likishafunguliwa hakuna duka linalolirudisha.

Chukua mashine isiyohitaji kuwekewa kodi, yaani alama ya kuitambulisha stripu kwa mashine. Zile za kodi hudai kichipu au namba mpya kila kopo linapobadilika, na siku mzee yuko peke yake atasahau.

Hatua ya 2: Hesabu idadi

Anayechoma insulini mara kadhaa kwa siku hupima walau mara 4. 4 × 30 ni 120. Ongeza stripu 15 za damu isiyotosha, na za kurudia kipimo sukari ikishuka: ikiwa chini ya 3.9 mmol/L mgonjwa hupewa gramu 15 za sukari, kisha hupimwa tena baada ya dakika 15, na pengine tena. Jumla 135, yaani maboksi 3 ya stripu 50.

Anayepima mara 2 kwa siku anahitaji kama 68 kwa mwezi. Maboksi 2 kila mwezi yatalundikana hadi yaharibike. Agiza 3 kila miezi 2. Mama mwenye kisukari cha mimba aagize mwezi kwa mwezi, kwa kuwa ratiba yake hubadilika akijifungua.

Kopo likiwa na stripu 25 badala ya 50, chukua hilo hata kama ni ghali kidogo. Kila unapofungua kifuniko, unyevu huingia.

Hatua ya 3: Andika oda kwa ujumbe, usipige simu

Ujumbe hubaki na kila mhudumu wa zamu anausoma vilevile. Mfano:

"Habari za kazi dada. Oda ya mwezi huu: stripu za Accu-Chek Instant za 50, maboksi 3, yote yawe LOT moja. Lanseti za 30G, boksi 1 la 100. Kontroli ya Accu-Chek Instant, chupa 1. Naomba picha ya tarehe ya mwisho na LOT kabla sijalipa. Mzigo uende na basi la usiku la Sumbawanga."

Lanseti ni visindano vya kutoboa kidole. Kontroli ni dawa ya maji ya kuhakikia mashine na stripu. Maduka mengi hayaiweki rafuni, kwa hiyo isipotajwa haitakuja. LOT ni namba ya toleo la kiwandani iliyochapwa kwenye boksi. Iwe moja ili ukihakiki kopo moja lisemee mzigo wote. Tarehe ya mwisho iwe imebakiza walau miezi 6.

Lipa kila mzigo baada ya kuiona picha. Usilipe nusu mwaka mbele hata ukipunguziwa bei. Daktari akibadilisha dawa, idadi hubadilika siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Safari

Stripu zina kimeng'enya, kemikali inayoitikia sukari ya damu, na joto na unyevu hukiua. Stripu nyingi hutakiwa zisizidi 30 °C. Soma kiwango cha zako kwenye boksi. Buti la basi lililosimama juani hupita hapo, boksi jeusi la bodaboda vilevile. Chagua basi la usiku. Mzigo ukabidhiwe ofisi ya vifurushi jioni, siyo asubuhi ukashinda hapo kutwa, na mpokeaji apewe namba ya risiti na saa ya kufika. Funga maboksi katikati ya nguo au magazeti ndani ya katoni.

Usizisafirishe ndani ya kijokofu kimoja na insulini. Barafu huleta majimaji, na stripu iliyotoka kwenye baridi haisomi sawa mpaka ipate joto la chumba.

Hatua ya 5: Hakiki mzigo kabla ya kuutumia

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima au hushindwa kabisa. Stripu iliyopikwa na joto haibadiliki sura. Mara nyingi mashine itatoa namba kama kawaida, na namba hiyo itakuwa ya uongo.

Kabla kopo la zamani halijaisha, bakiza ndani yake stripu 2. Zitakuokoa.

Acha mashine, makopo na kontroli vikae pamoja chumbani nusu saa. Angalia tarehe ya kontroli: nyingi hufaa miezi 3 tu tangu zifunguliwe, basi andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Tikisa. Tone la kwanza lifute kwa tishu, la pili lidondoshe juu ya kitu safi kikavu, kisha gusisha ncha ya stripu hapo. Usidondoshe juu ya stripu moja kwa moja. Baadhi ya mashine hutambua kontroli zenyewe. Nyingine unatakiwa uziambie kwa kubonyeza, vinginevyo namba hiyo huingia kwenye wastani anaousoma daktari.

Linganisha jibu na kiwango kilichochapwa kwenye kopo la stripu, siyo na namba ya jana ya mgonjwa. Viwango vikiwa viwili, soma kile chenye namba ya chupa yako.

Jibu likiwa nje, rudia kwa stripu nyingine ya kopo jipya. Likibaki nje, pima kwa stripu ya zamani uliyobakiza, kontroli ileile. Ya zamani ikitoa jibu sahihi, lakini mpya ikakosea, mzigo umeharibika: piga picha mashine ikiwa kando ya LOT, mtumie muuzaji, na usitumie hata moja. Zote mbili zikikosea, huenda tatizo ni kontroli, kodi au mashine yenyewe. Anza na kontroli mpya.

Kontroli ikikosekana kabisa, tumia maabara. Mgonjwa aende bila kula, apime kidole kwa mashine yake dakika ileile anayotolewa damu ya mshipani. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha 2013, hutaka majibu 95 kati ya 100 yasipishane na maabara zaidi ya asilimia 15, sukari ikiwa 5.6 mmol/L na kuendelea, au zaidi ya 0.83 mmol/L ikiwa chini ya hapo. Maabara ikisema 10.0, mashine kati ya 8.5 na 11.5 ni nzuri. Asipime akiwa ameshakula, maana damu ya kidole hapo huwa na sukari zaidi kuliko ya mshipani. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, mashine nyingi humsomea juu kuliko hali yake. Hilo alijue daktari.

Kulinganisha mashine yako na ya jirani hakuthibitishi chochote. Zikitofautiana hujui ipi inasema kweli, na zikifanana huenda zote zimekosea.

Kabla ya kulaumu stripu, nawa mikono kwa sabuni na ukaushe. Kidole kilichomenya embe hutoa sukari ya embe.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Zibaki kwenye kopo lake, kifuniko kikiwa kimebana. Usihamishie stripu kwenye mfuko wa nailoni, na usinunue za kuhesabiwa moja moja. Hazina tarehe wala kinga ya unyevu. Zisikae frijini. Mtungi wa maji unaopooza insulini haufai kwa stripu, maana hupooza kwa unyevu. Kabati la chumba cha kulala linatosha.

Andika kwenye kopo siku ulipolifungua. Baadhi ya stripu hufaa miezi 3 au 6 tu baada ya hapo, nyingine hadi tarehe iliyochapwa.

Lanseti zilizotumika zikae kwenye chupa ngumu ya plastiki, kisha zipelekwe kituo cha afya.

Hatua ya 7: Lini uagize tena

Fuata makopo, usifuate kalenda. Tuma oda yakibaki makopo mawili ambayo hayajafunguliwa kwa anayepima mara 4, moja kwa anayepima mara 2. Kwa makopo ya 25 hiyo ni akiba ya siku 12 hivi. Msimu wa mvua ongeza kopo moja. Kila baada ya kliniki rudia hesabu ya hatua ya 2, kisha rekebisha ujumbe wa duka siku hiyohiyo.