Namna ya kufundisha mitandao ya kompyuta kwa ulimwengu pepe ulio ndani ya darasa

Mwalimu anayefundisha mitandao ya kompyuta hapa Moshi hukutana na ugumu mmoja kabla ya mengine yote: kile anachokifundisha hakionekani. Kebo inaonekana, swichi, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta, inaonekana na taa zake zinamemeteka, lakini pakiti, yaani kipande cha data, inayopita humo mwanafunzi huambiwa tu kwamba ipo, naye huandika daftarini kwa kuamini. Njia ninayoitumia kuiondoa imani hiyo na kuweka macho mahali pake ni kuchanganya ulimwengu pepe na zana za kujifunzia mtandaoni, kwa sharti moja ambalo silegezi: vyote vikae katika kompyuta moja iliyomo darasani, na vifikiwe kwa mtandao ambao wanafunzi wenyewe wameujenga. Kwa njia hiyo zana inafundisha, na wakati huohuo yenyewe ndiyo inayochunguzwa.

Kwa darasa la kompyuta ishirini, tafuta kompyuta moja zaidi ya kuwa seva, yaani ya kuhudumia nyingine, yenye kumbukumbu ya GB 8 hivi, swichi ndogo nne za matundu manane, ruta moja (kifaa cha kuunganisha mtandao na mtandao) ambayo kila tundu lake linaweza kupewa mtandao wake, na kebo za kutosha. Programu ni nne. Luanti, ambayo hadi mwaka 2024 iliitwa Minetest, ni jukwaa la michezo la kujenga na kuendesha ulimwengu pepe, na huenda vizuri hata kwenye kompyuta za zamani. Moodle ni ya kuwekea masomo, kazi na majaribio. Wireshark ni ya kunasa na kusoma pakiti, na Packet Tracer ya Cisco ni ya kuigiza mitandao. Tatu za kwanza ni programu huria, na Packet Tracer ni bure kwa aliyejisajili katika Cisco Networking Academy. Zipakue mara moja tu, usiku ambapo bando huwa nafuu, kisha uzisambaze kwa flashi, kwa sababu kuwaachia wanafunzi ishirini wapakue kila mmoja kivyake ni kumaliza data ya mwezi kwa asubuhi moja. Packet Tracer huomba mtumiaji aingie kwa akaunti yake, kwa hiyo jambo hilo limalizwe siku moja kabla ya kipindi, intaneti ikiwapo.

Somo la kwanza lisianze na kebo wala na anwani, bali na safari. Ndani ya Luanti, jenga barabara yenye stendi nne: Arusha, Moshi, Himo na Mkuu ya Rombo. Kila mwanafunzi wetu amewahi kumtumia ndugu yake kifurushi kwa basi, na anajua kwamba mzigo wa kutoka Arusha kwenda Rombo unaweza kubadilishiwa gari njiani, huku jina la mpokeaji lililoandikwa juu yake likibaki lilelile. Huo ndio uhusiano wa anwani ya IP (namba ya kifaa katika mtandao) na anwani ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao), ambao vitabu vingi huueleza kwa kurasa nyingi bila kueleweka: anwani ya IP ya mpokeaji haibadiliki kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, ilhali anwani za MAC hubadilika kila pakiti inapovuka ruta, kama gari linavyobadilika stendi. Mwanafunzi mmoja awe pakiti, abebe kitabu cha ndani ya mchezo kilichoandikwa mtumaji na mpokeaji. Wengine wawe makarani wa stendi, na kila karani asimame kando ya kibao kinachosema mzigo wa wapi hupelekwa upande upi. Kibao hicho ndicho jedwali la njia ambalo ruta huwa nalo.

Wakishazoea, andika kwenye kitabu namba 8 na uagize kila karani apunguze moja kabla ya kuruhusu mzigo uendelee. Halafu, bila kuwaambia, badilisha kibao cha Himo ili mizigo ya Mkuu irudishwe Moshi. Pakiti itakwenda Himo, itarudi Moshi, itakwenda tena Himo, na darasa litaanza kunong'ona, mpaka namba ifike sifuri na karani aitupe na kumtumia mtumaji taarifa. Usiharakishe kueleza. Waache wenyewe waseme ingekuwaje kama ile namba isingekuwapo, na jibu watalitoa: mizigo ingezunguka milele na kuijaza barabara. Hapo ndipo uwaambie kwamba namba hiyo katika pakiti halisi huitwa TTL, na kwamba amri ya tracert hutambua ruta za njiani kwa kutuma pakiti yenye TTL ya 1, kisha ya 2, kisha ya 3, na kusikiliza ni nani anayerudisha taarifa. Kwa maoni yangu kipindi hiki kimoja kina thamani kuliko wiki nzima ya kukariri tabaka saba za OSI, yaani mfano unaozigawa kazi za mtandao, ingawa tabaka hizo nazo zitafundishwa kwa wakati wake.

Sehemu ya pili ni kuufunga mlango wa ulimwengu huo. Unganisha swichi nne mfululizo, weka kompyuta tano katika kila swichi, na uipe seva, iliyochomekwa kwenye swichi ya kundi la kwanza, anwani 192.168.10.5. Kundi la kwanza lipewe anwani zinazoishia na 11 hadi 15, la pili 71 hadi 75, la tatu 131 hadi 135, na la nne 195 hadi 199. Waziandike kwa mkono, pamoja na maski 255.255.255.0, yaani namba inayoonyesha ni anwani zipi zilizo katika mtandao mmoja, pasipo kutegemea DHCP inayogawa anwani yenyewe. Anayetaka kuingia Luanti lazima aandike anwani ya seva na poti (namba ya mlango wa programu) 30000, na aliyekosea tarakimu moja anabaki nje akiwatazama wenzake wakijenga. Sijaona adhabu wala zawadi inayomfanya mwanafunzi aihakiki anwani yake kwa makini kama hiyo.

Siku inayofuata, waagize wote, pamoja na seva, wabadilishe maski iwe 255.255.255.192. Kundi la kwanza litaingia kama kawaida, na makundi matatu yatakataliwa, ingawa hakuna kebo iliyoguswa. Mshangao huo ndio wa kuanzia kufundisha sabneti, yaani mitandao midogo ndani ya mtandao mmoja. Maski mpya imeugawa mtandao kuwa mitandao minne, kuanzia 0, 64, 128 na 192, kila mmoja ukiwa na anwani 64, ambazo 62 kati yake hupewa vifaa, kwa kuwa ya kwanza ni jina la mtandao na ya mwisho ni ya kutangazia kwa wote. Wakishaipiga hesabu hiyo ubaoni, tenganisha swichi, kila moja iende kwenye tundu lake la ruta, na matundu yapewe anwani zinazoishia na 1, 65, 129 na 193. Kila kompyuta, seva ikiwamo, iandikiwe anwani ya tundu la kundi lake kuwa lango, yaani njia ya kutokea kwenda mitandao mingine. Walimu wengi huisahau seva hapa, kisha wanashangaa kuona ombi linafika lakini jibu halirudi.

Tumia kebo, si Wi-Fi, katika hatua hizi. Wi-Fi ni kama mfongo, mfereji wa kumwagilia wa huku mlimani: maji ni yaleyale, na wote wakifungulia kwa pamoja, shamba la chini hupata matone.

Kazi hiyohiyo waijenge upya ndani ya Packet Tracer, ambako katika hali ya uigaji pakiti huonekana kama bahasha inayotembea hatua kwa hatua, na ukiibofya unaona tabaka zake. Watagundua kwamba ping (pakiti ya kujaribu kama kifaa kinafikika) ya kwanza kupitia ruta mara nyingi hupotea na zinazofuata hufika. Si kosa lao. Ruta ilikuwa bado inauliza kwa ARP anwani ya MAC ya mpokeaji.

Baada ya hapo fungua Wireshark kwenye seva wakati darasa likiwa ndani ya Luanti. Pakiti zote za mchezo zitaonekana kuwa za UDP, njia inayotuma bila kusalimiana kwanza. Kisha mmoja afungue ukurasa wa Moodle, na mara zitajitokeza pakiti tatu za kusalimiana za TCP, njia inayorudia kutuma kilichopotea, yaani SYN, SYN-ACK na ACK, kabla ya maneno yoyote ya ukurasa kupita. Uliza kwa nini mchezo haukuchagua TCP. Mwanafunzi aliyecheza atajibu mwenyewe kwamba habari ya mahali aliposimama mwenzake sekunde mbili zilizopita haina haja ya kurudiwa, kwa kuwa ameshaondoka pale.

Moodle ikiendeshwa kwa HTTP, yaani bila maandishi kufichwa, Wireshark itaonyesha pia nenosiri la anayeingia, likisomeka herufi kwa herufi. Kwa hiyo wape akaunti za mazoezi zisizo na nenosiri wanalolitumia kwingine, waonyeshe jambo hilo mara moja, kisha uhamie HTTPS na waone maandishi yakigeuka yasiyosomeka. Waambie wazi kwamba kunasa mawasiliano ya watu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwamba ruhusa waliyo nayo inaishia kwenye kuta za chumba hicho.

Majaribio ya Moodle yawe mafupi, ya hesabu za sabneti, na kila mmoja apewe namba tofauti. Lakini mtihani wenyewe ninaouamini ni huu: kundi moja linatoka nje, kundi jingine linaharibu kitu kimoja, iwe maski, lango, au kebo iliyochomolewa nusu, na walio nje wanarudi kutafuta. Kabla ya hapo nakili folda ya ulimwengu wenu kwenye flashi, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi, barabara ya kwenda Mkuu ndiyo itakayowauma kuijenga upya.