Somo: Umesasisha GoAnywhere? Bado hujamaliza kazi

Programu za kuhamishia faili (kwa kifupi MFT), kama GoAnywhere, mnazijua hata kama hamjawahi kuketi mbele yake. Ndizo zinazopeleka faili ya mishahara benki mwisho wa mwezi, zinazopokea orodha ya makato ya SACCO kutoka kwa mwajiri, zinazobeba madai ya hospitali hadi kwa kampuni ya bima. Hakuna anayezikumbuka mpaka mshahara uchelewe.

Tarehe 18 Septemba 2025 kampuni ya Fortra ya Marekani ilitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2025-10035 katika programu yake ya GoAnywhere MFT. Kiwango cha hatari: 10 kati ya 10. Toleo lililorekebishwa ni 7.8.4, au 7.6.3 kwa walio kwenye mkondo wa matoleo ya muda mrefu. Nawajua waliosasisha haraka, wakapiga ripoti kwa bosi kwamba mambo ni shwari. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni kalenda. Watafiti wa watchTowr walipata ushahidi kwamba udhaifu huu ulikuwa ukitumiwa tangu tarehe 10 Septemba. Microsoft nao waliona mashambulizi ya tarehe 11, wakayahusisha na kundi wanaloliita Storm-1175, ambalo hujulikana kwa kusambaza Medusa, programu inayofunga faili na kudai fidia. Kwa hiyo wiki nzima wezi walikuwa kazini na hadharani hapakuwa na tangazo lolote. Aliyesasisha tarehe 19 amemzuia wa kesho. Wa juzi huenda yuko ndani anakunywa chai.

Udhaifu wenyewe uko kwenye sehemu inayopokea jibu la leseni. Jibu hilo huja kama kifurushi cha data chenye saini, na seva hukifungua na kukijenga upya kuwa kitu kinachofanya kazi ndani ya Java. Mtu akighushi saini ikakubalika, anaweza kupakia humo kitu chake, na seva ikikifungua inatekeleza amri zake. Hahitaji akaunti wala nenosiri. Mwaka 2023 ilikuwa sehemu hiyo hiyo ya leseni, kwa udhaifu CVE-2023-0669, na kundi la Cl0p likajigamba kwamba limeiba data za mashirika zaidi ya 130. Aliyeumwa na nyoka, unyasi humshtua. Sisi tumeumwa mara mbili tundu lile lile na bado kuna watu wanaacha konsoli, ule ukurasa wa kusimamia seva, wazi kwa mtandao mzima.

Hatua ya 1: Ondoa konsoli mtandaoni

Fanya hii leo, hata kama hatua nyingine zitasubiri. Zima Wi-Fi ya ofisi kwenye simu yako, washa data ya laini, kisha fungua anwani ya nje ya seva yenu ukimalizia na :8001/goanywhere, halafu ujaribu na :8000/goanywhere. Namba hizo, 8001 na 8000, ndizo poti (milango ya seva) za kawaida za konsoli ya usimamizi. Ukiona ukurasa wa kuingia ukiwa umekaa ndani ya matatu pale Waiyaki Way, basi mtu yeyote duniani anauona. Usipouona, usishangilie bado: huenda aliyeisimika alibadilisha poti. Muulize anayeshika faiawoli akuonyeshe kanuni zenyewe, asikujibu kwa mdomo.

Kisha funga. Konsoli ifikiwe kutoka ndani ya mtandao wa ofisi au kupitia VPN pekee, yaani njia iliyofungwa ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje.

Hapa ndipo wakubwa hukataa, hasa tarehe zikiwa za 25 kuelekea 30, kwa hofu kwamba mishahara itakwama. Waeleze polepole: benki na wateja hawatumii konsoli. Wao wanaingia kupitia SFTP (njia salama ya kutumiana faili) au ukurasa wa watumiaji, ambao una poti zake. Kufunga konsoli hakugusi faili hata moja inayopita, na hakuhitaji kuzima seva.

Hatua ya 2: Chukua nakala kabla ya kugusa seva yenyewe

Kama seva ni mashine pepe, chukua nakala ya mashine nzima. Kama sivyo, angalau nakili folda yote ya userdata/logs, iliyo ndani ya folda ilikosimikwa GoAnywhere, na uiweke kwenye kompyuta nyingine kabisa. Logi, yaani kumbukumbu za kila kilichotokea kwenye seva, hujifuta zenyewe zikizeeka, na mtu aliyepata mamlaka kwenye seva anaweza kuzifuta kwa mkono. Hata wewe mwenyewe, ukisasisha na kuwasha upya, unaweza kupoteza ulichokuwa unakitafuta.

Hatua ya 3: Sasisha

Weka 7.8.4, au 7.6.3, au lolote jipya kuliko hayo katika mkondo wako. Pakua kutoka kwa akaunti yenu ya Fortra, si kutoka kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp.

Hatua ya 4: Tafuta nyayo

Sasa fungua ile nakala ya logi na uanzie siku kadhaa kabla ya tarehe 10 Septemba 2025. Fortra walitaja alama moja ya kutafuta kwenye orodha ya makosa. Kwenye Linux:

grep -R "SignedObject.getObject" userdata/logs

Maneno hayo yakitokea, chukulia kwamba seva iliguswa mpaka uthibitishe vingine. Yasipotokea, endelea kutafuta, maana logi tupu inaweza kuwa logi iliyosafishwa.

Ingia kwenye orodha ya watumiaji wenye mamlaka. Katika mashambulizi yaliyochunguzwa na watchTowr, wavamizi walijifungulia akaunti ya siri yenye jina admin-go. Jina hilo ni rahisi kubadilisha, kwa hiyo usilitafute hilo tu. Pitia kila akaunti ya usimamizi na uulize ni ya nani, ilifunguliwa lini, na aliyeifungua bado anafanya kazi hapo? Mara nyingi utakuta akaunti ya mkandarasi aliyeondoka zamani. Hiyo si uvamizi, lakini ifunge.

Baada ya hapo tazama faili. Microsoft waliona faili za .jsp (msimbo ambao seva huutekeleza) zikiandikwa ndani ya folda za GoAnywhere, pamoja na SimpleHelp na MeshAgent. Hizi mbili ni programu halali za kuendesha kompyuta ukiwa mbali, na ndiyo maana antivairasi huzinyamazia. Swali si kama ni programu mbaya. Swali ni nani kwenu aliyeziweka kwenye seva hii, na kama hakuna, una jibu. Tafuta pia Rclone, waliyoitumia kuhamisha data kwenda nje, na umuombe mtu wa faiawoli takwimu za data iliyotoka kwenye seva usiku. Seva ya mishahara haina sababu ya kupeleka magigabaiti kwa anwani msiyoijua saa tisa za usiku.

Hatua ya 5: Badilisha siri zote zilizohifadhiwa humo

GoAnywhere hutunza nywila na funguo za kuingilia kwenye mifumo ya wengine: SFTP ya benki, hifadhidata yenu, barua pepe. Ukikuta nyayo, hesabu zote kuwa zimeibwa. Na kama logi zako hazifiki nyuma hadi Septemba 2025, mimi ningezibadilisha vilevile. Ni kazi ya kuchosha, kwa sababu kila benki ina fomu yake na mtu wake wa kusaini, lakini ni nafuu kuliko kumweleza mteja jinsi mwizi alivyoingia kwake kwa ufunguo aliowakabidhi nyinyi.

Hatua ya 6: Toa taarifa

Hapa Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inataka shambulio liripotiwe kwa kamati ya kitaifa ndani ya saa 24. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa anayesimamia data saa 72 tangu ajue, amwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data, pale ambapo wenye data wako katika hatari ya kweli ya kudhurika. Faili ya mishahara ina majina, namba za vitambulisho na akaunti za benki, kwa hiyo msikae mkijadili kama hatari ipo.

Maswali ya wanachama

Fundi_Kawangware: Mwalimu, asante kwa somo. Seva yetu ni Windows, hiyo grep haipo. Nifanyeje?

Jibu: Fungua dirisha la amri ndani ya folda ya logi uandike: findstr /s /m /c:"SignedObject.getObject" *.log*. Itakupa majina ya faili zenye maneno hayo. Ikinyamaza, hakuna iliyo nayo.

Dada_wa_Mahesabu: Mimi si mtu wa IT, niko upande wa mishahara. Tunatuma faili kupitia ukurasa wa mtoa huduma wetu. Naweza kuwajaribu kwa simu kama ulivyoeleza hatua ya kwanza?

Jibu: Hapana, dada. Jaribu mfumo ulio chini ya ofisi yenu, au ule uliopewa ruhusa ya maandishi. Sheria hiyo ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kufungua ukurasa tu huenda si kuingia, lakini mbona ujitie kwenye mjadala huo? Waandikie barua pepe uulize: mnatumia programu gani, toleo gani, na mlichunguza logi za kuanzia tarehe ngapi. Swali la tatu ndilo litakalowatoa jasho.

Mkuu_wa_Zamu: Mkandarasi wetu yuko nje ya nchi na anasema lazima konsoli iwe wazi ndipo atuhudumie.

Jibu: Mpe VPN yenye uthibitisho wa hatua mbili, na akaunti inayozimwa akimaliza. Akikataa, huyo ni mkandarasi wa kubadilisha.

Babu_wa_Seva: Sisi hatuna GoAnywhere, tuna MOVEit. Tulale?

Jibu: Mzee wangu, MOVEit ilipata yake Mei 2023, CVE-2023-34362, na Cl0p ndio waliokuwa nyuma yake pia. Huko waliacha faili iitwayo human2.aspx ndani ya wwwroot (folda ya kurasa za wavuti), wakiifananisha na human.aspx ambayo ni halali. Cleo, watengenezaji wengine wa programu za aina hii, nao programu zao zilishambuliwa Desemba 2024. Mpangilio wa hatua ni ule ule kwa zote, ila nyayo hutofautiana, kwa hiyo tafuta tangazo la mtengenezaji wako.

Kampuni_Ndogo_Ngara: Tunachakata mishahara kwa niaba ya wateja wachache, na jana tumekuta akaunti ya usimamizi ambayo hakuna anayeijua. Mwenzangu anataka tuifute tusonge mbele.

Jibu: Msiifute. Izimeni isiweze kuingia, lakini ibaki, maana tarehe yake ya kufunguliwa na kila ilichofanya ni ushahidi. Tenganisheni seva na mtandao bila kuizima umeme, kwa kuwa vilivyo kwenye kumbukumbu ya mashine hupotea ikizimwa. Kisha kalenda: nyinyi mnachakata data ya wengine, kwa hiyo mnatakiwa kuwaarifu wateja wenu bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48. Umesema ni jana. Wapigieni simu sasa hivi, maelezo ya kiufundi yatafuata.