Somo: Kuku aliyeraruliwa na paka

Wiki iliyopita paka aliingia bandani kwetu Kisauni, akamrarua koo wangu mgongoni. Leo anakula vizuri. Nawaandikia nilivyomuuguza.

Kwanza, mtoe kwa wenziwe saa hiyohiyo. Kuku wakiona damu hudonoa papo hapo, kijeraha kikawa shimo. Mviringe kwa leso kuukuu, mbawa zikae, umfunike na macho; atatulia. Damu ikiwa yatiririka, bonyeza kwa kitambaa safi dakika tano bila kufunua.

Pili, osha. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, yaache yawe vuguvugu. Kata manyoya yaliyozunguka jeraha, usiyang'oe, kisha mimina mpaka uchafu wote utoke. Meno ya paka huacha tundu jembamba lenye vijidudu ndani, kwa hiyo mwite daktari wa mifugo. Dawa usibahatishe, na mayai usile mpaka ziishe siku alizokutajia.

Tatu ni nzi, na hapa nawasihi sana. Kwa joto letu la pwani, nzi akitaga kwenye jeraha, funza huweza kutoka kabla siku haijaisha. Mweke ndani kwenye boksi, chandarua juu. Kinyesi toa asubuhi na jioni, na kila mara fungua manyoya uangalie, hata chini ya mkia.

Maji usimmiminie kooni: tundu la pumzi liko nyuma ya ulimi tu, atapaliwa. Chovya ncha ya mdomo, atakunywa mwenyewe.

MASWALI

Dada, asali yafaa kupaka?
Yafaa, mamangu, kidogo tu. Ila chungu watamfuata. Mimi boksi naliweka juu ya meza, miguu yake ndani ya vikopo vya maji.

Wangu hana jeraha, ila kinyesi ni kijani na shingo imepinda. Nimpe nini?
Pole sana, ndugu yangu. Hizo ni dalili za kideri, na kideri hakina tiba. Mtenge, usimuuze wala usimchinje ukagawia majirani. Nawa mikono kabla ya kushika wengine, uende leo kwa afisa wa mifugo umuulize kuhusu chanjo ya waliobaki.

Nimrudishe lini bandani?
Gaga likishaanguka na manyoya yameanza kuota. Mwingize usiku, wenziwe wakiwa wamelala, waamke naye asubuhi. Siku hiyo usiende mbali. Wakimwandama, mtoe tena.