Vitonge vya Kakao: Zawadi ya Kula Ambayo Mtoto Anaitengeneza Mwenyewe

Zawadi nyingi zinazoitwa za watoto hupikwa na mtu mzima, mtoto akaachiwa kunyunyizia mapambo juu. Anayepokea huenda asijue, lakini mtoto anajua. Ndiyo maana ninapochagua pishi huwa najiuliza jambo moja: je, mtoto wa miaka sita anaweza kufanya karibu kila kitu, mkubwa akabaki na kazi ya kufungua kopo? Vitonge hivi vinakidhi hilo. Havitaki moto wala kisu, na hata vikitoka vimepindapinda ladha ni ileile.

Mahitaji

- Biskuti za kawaida zisizo na krimu, gramu 250
- Maziwa mazito matamu, kopo 1 (karibu gramu 395)
- Unga wa kakao, vijiko 3 vya chakula
- Nazi kavu iliyokunwa laini, kikombe 1, na nyingine kidogo ya kuzungushia
- Chumvi ya kubana kwa vidole viwili

Hapo mtapata vitonge kama 35. Vinatosha zawadi tano za vitonge sita sita, na vinavyobaki ni vya wapishi. Msivinyime hivyo, maana mtoto asiyepata chake ataanza kudokoa cha mwenzake.

Msijaribu kubadilisha biskuti kwa unga wa ngano mbichi. Unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu kama E. coli ambavyo hufa kwa joto, na sisi hapa hatupiki. Biskuti zimeshaokwa.

Hatua ya 1: Ulizeni kwanza

Kabla ya kununua chochote, mtoto aulize kama anayepelekewa ana mzio. Vitonge hivi vina ngano, maziwa na nazi. Kama jibu ni ndiyo, tafuteni zawadi nyingine. Kuondoa kiungo kimoja na kuombea mema si suluhisho.

Hatua ya 2: Mikono

Sabuni, maji, sekunde 20, na chini ya kucha. Nywele ndefu zifungwe. Wekeni sheria moja tangu mwanzo: kidole kikiingia mdomoni, mwenye kidole anarudi kwenye sinki. Ahidini kwamba bakuli litalambwa mwishoni, na sheria haitakuwa na upinzani mkubwa.

Hatua ya 3: Kuponda biskuti

Hii ndiyo kazi wanayoigombania. Tieni biskuti kwenye mfuko imara wa plastiki, usizidi nusu. Toeni hewa, kisha fungeni mkiacha upenyo mdogo, la sivyo pigo la kwanza litaupasua mfuko na makombo yatatapakaa chumba kizima. Mtoto agonge mara chache kuvunja vipande vikubwa, halafu asukume kwa kifimbo, mbele na nyuma, akiugeuza mfuko mara kwa mara. Mnatafuta chenga ndogo kama punje za mchele. Zikibaki kubwa, kitonge kitapata nyufa. Zikiwa vumbi tupu, hakitakuwa na cha kutafuna.

Hatua ya 4: Kuchanganya

Vikavu kwanza: chenga, nazi, chumvi, na kakao iliyochekechwa. Kakao hupenda kujikusanya madonge, na donge likishalowa maziwa halivunjiki kirahisi. Mkubwa afungue kopo, maana ukingo wake unakata, kisha mtoto amimine maziwa na kukwangua yote kwa mwiko.

Kukoroga kutakuwa kuzito, kwa hiyo pokezaneni. Mwanzoni mtadhani maziwa hayatoshi, kisha ghafla mchanganyiko utaonekana umelowa mno. Msiongeze kitu. Chenga zinaendelea kunywa maziwa hata mkishaacha kukoroga.

Hatua ya 5: Friji, na lebo

Funikeni bakuli, likae kwenye friji dakika 30. Msiruke hatua hii, kwani mchanganyiko wa vuguvugu hugandia viganjani na mtoto atakata tamaa kwenye kitonge cha tatu.

Wakati huo anaandika lebo: jina la zawadi, viungo vyote, jina lake, tarehe, na maneno "Weka kwenye friji, kula ndani ya wiki moja". Herufi iliyogeuka nyuma mbele iacheni, ni sehemu ya zawadi. Ila neno "maziwa" au "ngano" likiwa halisomeki, liandikwe upya.

Hatua ya 6: Kuviringa

Kijiko kimoja cha chakula kwa kila kitonge. Viganja vilowanishwe kidogo tu. Mtoto aviringe kwa mkono mwepesi. Akibana sana, kitonge kinageuka mkate bapa. Kisha akiangushe kwenye sahani ya nazi na kuitikisa sahani, bila kukigusa, ili mikono yenye maji isiloweshe nazi yote. Mchanganyiko ukianza kunata, urudi kwenye friji dakika 10.

Hatua ya 7: Kufungasha

Vikae kwenye friji saa mbili vikaze. Tumieni boksi au mkebe safi wenye mfuniko, si mfuko, kwa sababu mfukoni huminyana. Safu zisizidi mbili, na karatasi ya kuokea katikati. Kama kwa mpokeaji kuna mtoto wa chini ya miaka minne, ongezeni kwenye lebo: "Kata vipande vinne". Chakula cha duara humkaba mtoto mdogo kwa urahisi.

Kama zawadi inasafiri

Vitonge havipendi safari ndefu ya joto. Badala yake, tengenezeni unga wa kinywaji cha kakao: chukueni chupa kavu kabisa yenye mdomo mpana, mtoto apange kwa tabaka kikombe 1 cha maziwa ya unga, nusu kikombe cha kakao na nusu kikombe cha sukari. Akandamize kila tabaka kwa kitako cha kijiko kabla ya kuweka linalofuata, ndipo mistari itaonekana vizuri kwenye kioo. Lebo itaje viungo na iseme hivi: "Mimina yote kwenye bakuli, changanya, rudisha. Vijiko 3 vya chakula kwa kikombe kimoja cha maji ya moto."